Ufunguo Usio na Nakala

Tulimzika Ma Justa Jumamosi, Kemondo, katika kibanja cha mume wake, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba, mahali ambapo ukisimama mlangoni unaziona meli za mizigo bandarini lakini huzisikii. Kabla jeneza halijashushwa nilipewa dakika tano za kumzungumzia kwa niaba ya ofisi. Nilikuwa nimeandika karatasi, nikaisoma: alizaliwa, aliajiriwa mahakamani kama karani wa masjala, alistaafu, alianzisha ofisi yetu Miembeni. Yote yalikuwa kweli, na nilipokaa nilijua sijasema kitu. Baadaye, watu walipokuwa wanakula, Editruda, mteja wetu wa zamani, alipita na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na kukaushwa nyumbani ambayo Wahaya tunaiita akamwani, akanimwagia punje nne kiganjani. "Ya kibanja cha Tata, kaka Domi," alisema, Tata akiwa baba yake. "Tafuna taratibu." Alicheka kidogo, nami nikacheka, na mama mmoja wa kwaya ya Kilutheri aliyekaa mbele yetu aligeuka kuona ni nani wanaocheka msibani. Sikuweza kumweleza pale kwenye benchi. Ninayoandika hapa ndiyo niliyopaswa kuyasema katika zile dakika tano, nayo yanahusu mwaka mmoja tu, miaka saba iliyopita, nilipokuwa na umri wa miaka arobaini na mitatu, umri ambao mtu hategemei tena kufundishwa jambo lolote kubwa.

Wakati huo nilikuwa na duka la fotokopi Muleba, karibu na stendi. Nilikuwa napiga picha za pasipoti, nachapa barua, natoa nakala. Kompyuta nilijifunza mwenyewe kutoka kwenye vitabu visivyo na majalada vilivyoachwa na mradi mmoja uliofungwa, nikiandika kila nilichokielewa kwenye daftari lenye namba, na kila nisichokielewa kwenye daftari jingine. Miaka ya mwanzo diski yangu iliungua ikiwa na kazi ya mwalimu mmoja aliyekuwa akisoma chuo kwa masafa, kurasa za miaka miwili. Hakunigombeza. Alikaa kwenye benchi langu mpaka chai yake ikapoa, akaondoka bila kuinywa. Tangu siku hiyo sikuwahi kuwa na kitu kimoja. Kila faili nililiweka mahali patatu, na wateja walinipenda kwa sababu hiyo, maana hata kijijini mkataba wa kuuziana shamba huandikwa nakala tatu: ya muuzaji, ya mnunuzi na ya mwenyekiti wa kitongoji. Nilikuwa mtu wa nakala kwa kazi na kwa tabia, na nilijivunia hilo.

Ma Justa aliingia dukani siku moja ya Januari akiwa na bahasha mbili. Alikuwa mama mnene kiasi, mwenye miwani yenye kamba, na alizungumza Kiswahili cha mahakamani hata alipokuwa anaagiza soda. Alitoa mikataba miwili ya kibanja kimoja, tarehe moja, muhuri mmoja wa mwenyekiti, wanunuzi wawili tofauti. "Domisian," alisema, maana alikuwa ameshasoma jina langu ukutani kwenye leseni, "karatasi ipi ilizaliwa kwanza?" Nilizigeuza, nikaziangalia kwenye mwanga, nikasema haiwezekani kujua. "Miaka yote ya kazi yangu nimewajibu watu hivyo hivyo," alisema. "Haiwezekani kujua. Mjane anatoka analia, mimi nafunga jalada. Sasa nimestaafu, nataka mtu aniambie inawezekana." Nilimwambia nimesoma mahali kuhusu muhuri wa wakati unaopigwa kwa kompyuta. Aliketi. Wiki iliyofuata nilikuwa nasafiri kwenda Bukoba Jumatatu na kurudi Muleba Ijumaa, na duka nikamwachia mke wangu.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja Miembeni, Bukoba, juu ya duka la rangi, kwa hiyo kila hati yetu ilinukia rangi ya mafuta. Upande wa pili wa ukuta wa mbao kulikuwa na fundi cherehani, mama mwenye sauti, na tulijua habari za mikono ya magauni ya nusu ya mji. "Nilikwambia inapwaya, si inabana!" tulisikia, na Kalisti, dereva wetu, alijibu kwa sauti ya chini kwa niaba ya fundi: "Mwili ndio umebadilika, waitu, si gauni." Kalisti alikuwa mwembamba, mwenye kofia ambayo hakuivua hata kwa askofu, na kila alichokisema alikisema kana kwamba kina haraka ya kwenda kuegesha gari. Saa saba mchana Ma Justa alifungua hotpoti aliyokuja nayo kutoka nyumbani: ndizi zilizopikwa na maharage, siku nyingine na dagaa, na hati zote zilisogezwa mwisho wa meza na kufunikwa kwa kitambaa. Hakuruhusu habari za kazi mpaka tunawe mikono tena. Nimekula vyakula vizuri zaidi maishani, lakini sijakaa kwenye meza nyingine ambapo nilijisikia kwamba nimealikwa kuwa mtu makini.

Nitaeleza tulichokuwa tunajenga kwa maneno yale yale niliyomweleza yeye, maana alinilazimisha kuyarudia mpaka yakanyooka. Hati ya mtu inapigwa picha. Kompyuta inaikokotoa picha ile na kutoa mfuatano wa herufi na tarakimu, kama alama ya kidole: ukibadilisha nukta moja ndani ya hati, mfuatano wote unageuka. Alama hiyo peke yake, bila hati, inatumwa kwenye huduma yetu. Huduma inaangalia saa sahihi, inaunganisha alama na saa, kisha inatia sahihi kwa ufunguo wa siri. Kuanzia hapo yeyote anaweza kuthibitisha kwamba hati ile ilikuwepo kabla ya dakika ile na haijaguswa. Ili watu wauamini ufunguo wetu, ofisi ya Dar es Salaam inayotoa vyeti vya sahihi lazima itoe cheti kinachosema ufunguo huu ni wa watu hawa na ni wa kazi hii. "Kwa hiyo cheti ni barua ya utambulisho," alisema Ma Justa. Nilisema ndiyo. "Na ufunguo ni mkono wenyewe." Nilisema ndiyo. "Mkono utakaa wapi?" Hapo ndipo palipokuwa na kazi.

Ufunguo ukikaa kwenye kompyuta ya ofisini, mwizi wa kompyuta anaondoka na mkono wetu. Kwa hiyo tulikodi nafasi katika kile ambacho watu wa kompyuta hukiita wingu, yaani mashine za kampuni kubwa zilizo mbali, ambamo ufunguo unazaliwa ndani ya kifaa maalumu na hautoki humo kamwe. Huwezi kuuona wala kuunakili. Unaupelekea alama, nao unarudisha sahihi, na kila matumizi yanaandikwa kwenye kumbukumbu ambayo hakuna anayeweza kuifuta. Haki tulizigawa: mimi ningeweza kuendesha huduma lakini nisingeweza kubadilisha masharti ya ufunguo bila idhini ya watu wawili, Ma Justa na Kalisti, kila mmoja na kidude chake kinachotoa namba ya uthibitisho. Kalisti alikining'iniza cha kwake kwenye funguo za gari. "Mimi sasa nafungua Toyota na mbingu," aliwaambia watu.

Ombi letu la kwanza la cheti lilirudishwa kutoka Dar es Salaam baada ya wiki mbili. Nilikuwa nimeomba cheti kimoja kwa kazi mbili, kutia sahihi barua za ofisi na kupiga muhuri wa wakati, nikidhani nabana matumizi. Jibu lilikuwa mstari mmoja: cheti cha muhuri wa wakati hakichanganywi na kazi nyingine. Niliandika hilo kwenye daftari nikarekebisha. Nalitaja kwa sababu lilikuwa kosa la kutojua, na kosa la namna hiyo halikuninyima usingizi hata dakika moja. Lililofuata lilikuwa la aina nyingine.

Siku ya kutengeneza ufunguo kampuni ile ilitoa njia mbili. Ya kwanza, uache ufunguo uzaliwe kule kule ndani. Ya pili, uutengeneze mwenyewe kwenye kompyuta yako, kisha uupeleke. Nilikaa mbele ya njia hizo mbili asubuhi nzima. Nilimwona yule mwalimu na chai yake. Nilifikiri: akaunti ikifungwa je, kampuni ikigombana na nchi je, mimi nitasimama mbele ya hawa wazee nikiwa na nini mkononi? Nilichagua ya pili. Niliutengeneza ufunguo dukani kwangu Muleba, nikaupeleka kwenye wingu, nikaweka nakala kwenye flashi, flashi nikaiweka ndani ya kopo la majani ya chai juu ya kabati. Nakala nyingine ikabaki kwenye diski ya kompyuta ya duka. Sikujiona mwizi. Nilijiona mtu mwangalifu kuliko wote.

Cheti kilipokuja, Ma Justa aliitisha mashahidi kama anavyoitisha Mhaya yeyote anayekabidhi kitu cha kudumu. Alikuwepo yeye, Kalisti, mimi, na fundi cherehani aliyeitwa kutoka ng'ambo ya ukuta ili awepo mtu asiye wa ofisi. Ma Justa alifungua kitabu kikubwa cha kumbukumbu, akauliza maswali aliyokuwa ameyaandika: nani ameuona ufunguo, nani ana haki gani. La mwisho lilikuwa: "Kuna nakala ya ufunguo huu mahali popo—" Nikajibu, "Hakuna," kabla hajamaliza neno. Aliandika. Kisha akapitisha kahawa ya kutafuna, tukatafuna, tukatia sahihi. Punje zile zilikuwa chungu, nikajiambia ni kwa sababu hazikuiva.

Mteja wetu wa kwanza wa Muleba alikuwa Ta Pankrasi, mkulima wa kahawa na ndizi, mzee aliyekuwa anaugua maini na aliyejua hali yake vizuri kuliko daktari. Alikuwa na mtoto mmoja aliyebaki hai, Editruda, na alitaka kibanja na nyumba viwe vyake. Watoto wa kaka yake walikuwa wameshamwambia waziwazi kwamba binti haachiwi ardhi ya ukoo, na wosia ukitokea watasema umeandikwa baada ya yeye kupoteza fahamu, au baada ya kufa. Ndiyo maana alitaka wakati wenyewe upigwe muhuri, angali anajua kugombana. Tulimkuta kitandani katika chumba cha mbele, majani mabichi yametandazwa sakafuni, dirisha likitazama migomba yake. Alisema wosia wake mbele ya mwenyekiti na majirani wawili, akaweka sahihi, nikapiga picha, nikatuma alama, muhuri ukarudi. Editruda alisimama mlangoni muda wote na sinia la vikombe bila kukumbuka kuliweka chini.

"Sasa huo ufunguo," alisema Ta Pankrasi, "yuko nao nani?"

"Hakuna mtu aliye nao, Ta. Uko ndani ya mashine, mbali, na hautoki."

"Hata wewe huna?"

"Hata mimi."

"Hata Justa?"

"Mimi hata sijui unafananaje," alisema Ma Justa.

"Basi vizuri," alisema mzee. "Maana angekuwa nao mtu, wale watoto wangemnunua. Au wangesema wamemnunua, ni yale yale." Akageukia ukutani, na kabla hatujamaliza chai alikuwa amelala.

Duka langu halikuwa mbali na pale. Jioni hiyo nilishusha lile kopo, nikaitoa flashi, nikaiweka mezani. Mzee alikuwa ameeleza katika sentensi mbili kile ambacho vitabu vyangu vilieleza katika sura nzima. Siku mahakama itakaponiuliza, "Je, wewe ungeweza kutengeneza muhuri huu jana na kuuandikia tarehe ya zamani?" jibu la kweli lilikuwa ndiyo. Kwa nakala niliyoificha ili kuwalinda wateja, nilikuwa nimemwondolea Editruda kitu pekee alichokuwa nacho. Wala hakuna aliyejua. Palikuwa na mstari mmoja tu kwenye ukurasa wa kampuni ile uliosema ufunguo umetoka nje, na katika ofisi yetu mimi peke yangu ndiye niliyejua kuusoma. Niliweza kuiponda flashi na kunyamaza. Nililifikiria hilo kwa uzito unaostahili, na ninaliandika hapa kwa sababu Ma Justa hakupenda kumbukumbu zilizopigwa pasi.

Jumatatu nilimweleza wakati wa chakula. Nilivunja kanuni ya meza kwa makusudi, kwa kuwa niliogopa kwamba nikingoja tunawe mikono sitasema. Kalisti aliacha kutafuna. Ng'ambo ya ukuta cherehani nayo ilinyamaza, nikajua fundi anasikiliza.

"Ngapi?" aliuliza Ma Justa.

"Mbili. Flashi, na diski ya kompyuta ya duka."

"Nilikuuliza mbele ya mashahidi."

"Uliniuliza, Ma."

"Ukajibu haraka. Mimi ni karani, Domi. Watu wanaojibu kabla swali halijaisha nimewaona maelfu, nikakupitisha wewe kwa sababu nilikupenda." Alifunika hotpoti. "Kwa hiyo makosa ni mawili. Leta kitabu."

Nilidhani ataandika kwamba nimefukuzwa. Aliandika kwa nusu saa, kwa mwandiko wa masjala, kila herufi imesimama peke yake. Aliandika swali lilivyoulizwa na nilivyojibu, na kwamba leo nimekuja mwenyewe kusema nakala zipo, na mahali nilipokuwa nimeziweka. Alinigeuzia. "Soma. Kama ni kweli, tia sahihi." Nilimwuliza kama ni lazima ukurasa ule ubaki ndani ya kitabu, maana tunaweza kuanza kitabu kipya pamoja na ufunguo mpya. Alinitazama juu ya miwani. "Hiki si kitabu cha kuonyesha wageni," alisema. "Tia sahihi, kisha ule. Ndizi zinapoa."

Mchana ule ule, yeye na Kalisti walitoa namba zao na tukauzima ufunguo. Kampuni ile haifuti ufunguo papo hapo. Inakulazimisha ungoje siku saba, labda ubadili nia. Tuliiandikia ofisi ya vyeti ikibatilishe cheti, tukaeleza sababu bila kupunguza. Flashi na diski ya duka, nilivyokuwa nimekuja navyo, Kalisti alivipondaponda kwa spana ya magurudumu kwenye ngazi ya ofisi, na fundi akashuhudia. "Fundi wa fotokopi amefiwa," Kalisti alimwambia mwenye duka la rangi aliyetoka kuuliza kelele ni za nini. "Tunazika watoto wake." Kisha, mbele ya wote, niliuagiza ufunguo mpya uzaliwe kule kule ndani. Ilichukua muda mfupi kuliko kufungua soda. Kwenye mstari wa asili iliandikwa: ndani.

Kilichobaki kilikuwa cheti kipya, na hicho hakikuwa mikononi mwetu. Ofisi ya Dar es Salaam ilitaka kututhibitisha upya tangu mwanzo, na ilikuwa na haki. Wakati huo wosia wa Ta Pankrasi ulikuwa na muhuri ambao sisi wenyewe tulikuwa tumeutangaza kuwa haufai. Akifa kabla ya muhuri mpya kupigwa, angeacha karatasi tu, kama zile mbili za kwenye bahasha. Editruda alipiga simu siku ya nne kusema Tata anakula kidogo. Siku ya sita alipiga kusema anakunywa uji tu. Ma Justa alimweleza kila kitu kwenye simu, jina langu likiwemo, na kutoka upande wa pili nilisikia swali moja: "Lini?" Siku zile Ma Justa hakuniambia neno la kunifariji wala la kuniumiza. Alinipa mafaili ya zamani niyapange kwa tarehe, na saa saba alinipakulia kama kawaida. Nimekuja kuelewa baadaye kwamba kunipakulia kama kawaida lilikuwa jambo gumu, na alilifanya kila siku.

Cheti kilifika siku ya tisa, saa nne asubuhi. Ma Justa hakukubali tuondoke kabla ya mashahidi kukaa, ingawa Kalisti alikuwa ameshawasha gari. Alifungua kitabu, lakini safari hii alibadilisha utaratibu. Alichukua kahawa kwanza, akanipa punje nne, akasema, "Weka mdomoni. Tafuna mpaka ziishe." Kisha akauliza: "Kuna nakala ya ufunguo huu mahali popote?" Sikuweza kujibu. Kahawa ile ni kavu, inataka meno na mate, na mtu mwenye mdomo uliojaa hana la kufanya ila kulisikia swali. Nilipitia dukani kwangu kichwani, kabati, kopo, kompyuta isiyo na diski. Nilipomeza nikasema, "Hakuna." Akaandika. "Sasa twende," alisema, na njia nzima kutoka Bukoba kupitia Kemondo hadi Muleba, mvua ikinyesha, hakuongea tena ila kumwambia Kalisti kwamba maiti hawapigi muhuri, apunguze mwendo.

Ta Pankrasi alikuwa hai, amekonda, na amekasirika. "Mmerudi tena? Wakati wenu umeharibika?"

Nilipiga goti karibu na kitanda. "Ta, nilikudanganya. Ulipouliza kama ninao ufunguo, nilikuwa nao. Nilikuwa nimetoa nakala."

Alimgeukia Ma Justa na kitu kilichokuwa karibu na kicheko kikamtoka kifuani. "Justa, umemchukua mtu wa fotokopi ukampa kitu ukamwambia asikitolee nakala. Ulitegemea nini?" Alikohoa, Editruda akamwinua, akanywa maji. "Haya. Waiteni. Niseme tena."

Alisema tena. Mwenyekiti na majirani wale wale waliingia na miguu iliyolowa. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini aliitaja mipaka yote ya kibanja, mti kwa mti, na alimsahihisha jirani mmoja kuhusu mpaka wa chini. Mtandao ulisumbua kwa sababu ya mvua. Nilitoka nikasimama kwenye migomba na simu mkononi mpaka alama ikaenda. Muhuri ulirudi saa kumi na dakika saba. Kwa kuwa muhuri huandika saa za dunia, zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu, nilimwandikia Editruda saa ya hapa kwa kalamu pembeni mwa karatasi yake. Aliikunja mara nne akaiweka kifuani, kisha akatukatalia kuondoka mpaka tule, Kalisti akamsimulia nilivyotafunishwa kahawa, na mzee akiwa chumbani alipaza sauti kuuliza kama ndizi zimeiva vizuri au anatuaibisha. Alifariki siku kumi na mbili baadaye.

Watoto wa kaka yake walifungua kesi, kama alivyosema. Mwisho wa mwaka, wakati wa senene, wale panzi wa kuliwa, niliitwa kwenye baraza la ardhi kama shahidi. Wakili wao alikuwa kijana mkali, na alikuwa ameomba kitabu chetu. Alifungua ukurasa ule. Aliusoma kwa sauti, wote, swali, jibu langu, kopo la majani ya chai, na watu waliojaa nyuma walicheka penye kopo. Nilimtafuta Ma Justa kwa macho, alikuwa anafuta miwani. "Kwa hiyo, shahidi," alisema wakili, "wewe ni mtu aliyesema hakuna nakala, na ilikuwepo. Leo unasema hakuna. Kwa nini tukuamini?"

Mwenyekiti wa baraza alinyoosha mkono apewe kitabu. "Ukurasa huu aliuandika nani?"

"Ma Justa, mheshimiwa."

"Sahihi ya chini?"

"Yangu."

"Siku hiyo kulikuwa na mtu aliyekuwa ameshagundua?"

"Hapana, mheshimiwa."

Alisoma ukurasa uliofuata, wa ufunguo wa pili, taratibu. Alilinganisha na kumbukumbu za kampuni tulizoleta. Kisha aliniuliza swali lile lile, kwa maneno yale yale: kuna nakala ya ufunguo huu mahali popote? Sikuwa na kahawa mdomoni, lakini nilingoja kama ninayo. Nikasema hakuna. Aliandika kwa muda mrefu. Katika uamuzi muhuri wa kwanza ulikataliwa, na baraza lilikuwa sahihi. Wa pili ulikubaliwa, na wosia ukasimama. Editruda hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye benchi, akavua viatu, kana kwamba ameshafika nyumbani.

Tulipokuwa tunarudi Bukoba nilimwambia Ma Justa kwamba ukurasa ule ndio uliotuokoa. Hakukubali. "Uliotuokoa ni mzee kukaa hai siku tisa," alisema. "Ukurasa ni kazi tu." Kalisti alisema kama ni hivyo basi dereva naye atajwe. Tulisimama Kemondo, Ma Justa akanunua samaki wawili, mmoja wake, mmoja wangu, na hatukurudi tena kwenye habari hiyo mpaka alipokufa.

Cheti cha sasa kinaisha muda mwezi huu, na jana, siku ya nne baada ya mazishi, tulikuwa na ufunguo mpya wa kuandikisha. Siku hizi kazi yangu ya zamani anaifanya Aneth, mhandisi wa kweli, mwenye shahada, anayejua mengi kuliko nitakavyojua. Fundi cherehani alikuja kushuhudia kama kila mara, na kitambaa cheusi begani. Kitabu kilikuwa mezani, kiti cha Ma Justa kitupu, na hakuna aliyetaka kuanza. "Uliza wewe," Kalisti aliniambia, na kwa mara ya kwanza nilimwona amevua kofia. Nilikuwa na kile kikapu kidogo cha Editruda, alichoniachia msibani. Nilimpa Aneth punje nne, nikasoma swali polepole mpaka mwisho, nikaiweka kalamu chini, nikangoja amalize kutafuna.